Lubumbashi: Wati 1000 kwenye katoni, ni ngapi zinafika kwenye spika? Namna ya kuchagua ampli ya muziki na filamu

Mjini Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga, televisheni nyembamba zimeingia katika saloni nyingi, kutoka Kamalondo hadi Ruashi. Picha ni safi, lakini sauti ni dhaifu. Spika ndogo zilizofichwa nyuma ya kioo hazina nafasi ya kutoa besi, na maneno ya waigizaji yanapotea mara tu mvua inapoanza kupiga kwenye mabati. Ndipo familia inaanza kutafuta ampli yenye kuunganisha televisheni, dekoda, simu na spika, ili chumba kimoja kitumike kwa filamu ya jioni na kwa rumba ya siku ya Mungu.

Kifaa hicho si cha bei ndogo. Wengi wanakinunua kwa pesa ya likelemba au kwa akiba ya miezi mingi, na kikishatoka dukani, mara nyingi hakirudi. Kwenye katoni kumeandikwa wati 1000, 3000, hata 10 000. Mnunuzi anaamini namba, analipa, anabeba mzigo wake. Wiki chache baadaye spika zinakwaruza, au umeme unarudi kwa nguvu usiku na asubuhi kifaa hakiwaki tena.

Hasara ya namna hiyo inaweza kuepukwa. Ampli nzuri haichaguliwi kwa namba kubwa iliyo kwenye katoni. Inachaguliwa kwa kuangalia mambo manne: nguvu yake ya kweli, spika zitakazofungwa kwake, vitu vinavyosikilizwa nyumbani, na umeme unaofika katika parseli.

Kifaa gani hasa?

Sokoni majina yanachanganywa. Ampli ya sinema ya nyumbani, ambayo wengine wanaiita risiva, si dekoda ya kupokea matangazo ya satelaiti. Inafanya kazi tatu. Kwanza, inapokea sauti na picha kutoka vyombo mbalimbali: dekoda, DVD, kompyuta, simu, kle USB. Pili, inafungua sauti ya filamu iliyofungwa katika mfumo kama Dolby au DTS na kuigawa katika njia zake. Tatu, inaipa kila njia nguvu ya kusukuma spika.

Ndiyo maana nyuma yake kuna matundu mengi kuliko kwenye ampli ya kawaida ya muziki. Ile ya muziki, yenye kuitwa stereo, ina njia mbili tu: kushoto na kulia. Ile ya sinema ina tano, saba au zaidi, pamoja na njia ya spika ya besi. Namba 5.1 inasema hivyo: spika tano za kawaida na moja ya besi.

Kuna pia seti kamili zinazouzwa katika katoni moja, ampli na spika zake zote, na kuna spika ndefu ya kulaza chini ya televisheni. Seti ya katoni moja ni rahisi kufunga, lakini ina kasoro moja kubwa: mara nyingi spika zake zina fishi za pekee na haziwezi kufungwa kwa ampli nyingine. Sehemu moja ikikufa, zilizobaki zinakosa kazi. Ampli yenye matundu ya kawaida ya waya inaruhusu familia kubadili kitu kimoja leo na kingine mwaka ujao.

Wati za katoni na wati za kweli

Namba kubwa zinazopambwa kwenye katoni mara nyingi zimeandikwa na herufi PMPO. Hicho si kipimo chenye sheria inayojulikana. Kila kiwanda kinahesabu kinavyotaka, kwa kuchukua nguvu ya sehemu ndogo sana ya sekunde na kujumlisha spika zote. Kipimo cha kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo ampli inaweza kutoa kwa mfululizo.

Udanganyifu huu si wa soko la Afrika peke yake. Nchini Marekani, tume ya serikali yenye kulinda wanunuzi iliweka sheria mwaka 1974 kwa sababu viwanda vilikuwa vinatangaza wati za uongo. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2024. Sasa wati zinazotangazwa zinapaswa kupimwa kwa spika ya ohm 8, kwa sauti zote kutoka hertz 20 hadi 20 000, na uharibifu wa sauti ukiwa chini ya asilimia moja. Mnunuzi wa Lubumbashi anaweza kutumia kanuni hiyohiyo: namba isiyosema ilipimwa kwa ohm ngapi na kwa uharibifu kiasi gani, haisemi kitu.

Kuna njia nyingine rahisi, isiyohitaji fundi. Nyuma ya kila ampli kuna kibandiko kinachoonyesha wati ambazo kifaa kinavuta kwenye prizi. Umeme hauzaliwi ndani ya sanduku. Ikiwa kibandiko kinasema kifaa kinavuta wati 60, hakiwezi kutoa wati 1000 kwenye spika kwa mfululizo. Kinaweza kuzidisha kidogo kwa kitambo kifupi, kisha basi. Sehemu ya umeme kinaoingiza inapotea pia kwa joto, na ndiyo sababu ampli inapata moto mgongoni.

Uzito nao unasema. Katika ampli nyingi za sinema, transfoma ni chuma kizito chenye waya wa shaba. Sanduku kubwa lenye taa nyingi lakini jepesi kama debe tupu linapaswa kumfanya mnunuzi aulize zaidi. Lakini kuna ampli za kisasa za daraja D zenye kuwa nyepesi na zinafanya kazi vizuri. Kwa hiyo uzito ni dalili tu. Hukumu inatoka kwenye kibandiko na kwenye masikio.

Hata katika viwanda vyenye kusema kweli, namba inapaswa kusomwa kwa makini. Wati 80 kwa kila njia kwa kawaida zimepimwa njia mbili tu zikifanya kazi. Njia zote tano zikidai nguvu wakati mmoja, kila moja inapata chini ya hapo.

Je, nyumba inahitaji wati ngapi?

Chini ya namna wengi wanavyofikiri. Spika nyingi za nyumbani zinatoa karibu desibeli 88 kwa umbali wa metre moja zikipewa wati moja tu. Hiyo tayari ni sauti yenye kumlazimisha mtu kusema kwa nguvu ili asikike.

Hesabu ya sikio pia si hesabu ya soko. Kutoka wati 50 hadi 100, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini si kubwa. Ili sauti ionekane imezidi mara mbili, inahitaji karibu desibeli 10 zaidi, maana yake nguvu mara kumi. Kwa hiyo mtu anayelipa pesa nyingi zaidi ili kutoka wati 80 hadi 100 ananunua tofauti ambayo kwa shida ataisikia.

Kwa saloni ya kawaida, ampli yenye kutoa wati 50 hadi 80 za kweli kwa kila njia inatosha. Ukumbi wa sherehe au nganda ni jambo lingine, na ampli ya nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ampli ndogo ikilazimishwa kupiga zaidi ya uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti. Sauti inakuwa ya kukwaruza, na umeme mbaya unaotoka humo unachoma spika ndogo za sauti ya juu. Ndiyo maana spika nyingi zinakufa kwa ampli dhaifu iliyofunguliwa hadi mwisho. Sauti ikianza kukwaruza, mkono urudi nyuma mara moja.

Spika ni zaidi ya nusu ya kazi

Katika mnyororo wote wa sauti, kitu chenye kubadilisha zaidi kile kinachosikika ni spika, kisha chumba chenyewe. Ampli mbili za heshima zenye bei tofauti zinaweza kusikika karibu sawa. Spika mbili tofauti hazisikiki sawa hata siku moja. Kwa hiyo familia yenye kupanga bajeti inafanya vizuri kuweka nusu ya pesa au zaidi kwenye spika, na kilichobaki kwenye ampli na ulinzi wa umeme.

Jambo la kusoma nyuma ya spika ni ohm. Spika nyingi za nyumbani ni za ohm 8, 6 au 4. Ampli inaandikwa ohm inazokubali. Spika ya ohm ndogo inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwa ampli. Hapa ndipo wenye kupenda kuongeza spika wanapoharibu vyombo. Spika mbili za ohm 8 zikifungwa pamoja kwenye tundu moja, kila moja waya mwekundu kwa mwekundu na mweusi kwa mweusi, ampli inaona ohm 4. Spika nne zikifungwa hivyo, inaona ohm 2. Ampli nyingi za nyumbani zitajizima zenyewe, na zile zisizo na ulinzi zitaungua.

Waya wenyewe hauhitaji kuwa wa bei kubwa. Waya wa shaba wa milimita 1.5 au 2.5 za mraba, wa aina inayouzwa kwa kazi ya umeme wa nyumba, unatosha katika saloni. La muhimu ni rangi. Waya mwekundu ukiingia tundu jekundu upande mmoja na tundu jeusi upande wa pili, spika hizo mbili zinasukumana kinyume na besi inapotea. Watu wengi wanalaumu ampli, kumbe ni waya mmoja uliogeuzwa.

Muziki: njia mbili zinatosha

Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2021. Sehemu kubwa ya urithi huo ilirekodiwa kabla ya mtu yeyote kufikiria spika tano katika nyumba. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga, alirekodiwa wimbo wake « Masanga » na Hugh Tracey mwaka 1952, huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Sahani za stereo zilianza kuuzwa madukani karibu na mwaka 1958. Kwa hiyo gitaa la Mwenda liko katika njia moja tu ya sauti. Nyimbo za baadaye, za miaka ya 1970 na 1980, ziko katika njia mbili.

Ampli ya sinema ikipewa nyimbo hizo, inaweza kuzitawanya katika spika zote kwa vitufe vyenye majina kama ukumbi, stadi au konseri. Wageni wanashangaa kwa dakika tano. Kisha sauti ya mwimbaji inakuwa kama inatoka kwenye pipa, na magitaa ya sebene, yenye kujibizana kushoto na kulia, yanachanganyika. Kwa muziki, kitufe cha kutumia kwenye telekomandi ni kile cha « Stereo » au « Direct ». Kinaipa sauti njia fupi bila mapambo.

Familia yenye kusikiliza muziki siku nyingi na kutazama filamu mara moja kwa wiki haina deni la kununua spika tano. Ampli nzuri ya stereo na spika mbili nzuri zitawapa rumba bora kuliko seti ya spika tano nyepesi za bei ileile, na hata filamu zitasikika vizuri.

Chanzo cha muziki pia kina neno lake. Nyimbo zilizobanwa sana ili ziingie nyingi kwenye kle USB zimepoteza sehemu ya sauti, na hakuna ampli inayoweza kuirudisha. Pesa ya kubadili ampli inaweza kusubiri mpaka familia ijaribu kwanza nyimbo zilezile katika faili bora au kwenye CD.

Filamu: tatizo ni maneno

Kwa filamu mambo ni tofauti. Dolby Digital ilianza katika majumba ya sinema mwaka 1992, na DTS mwaka 1993 pamoja na filamu « Jurassic Park ». Tangu hapo filamu nyingi zinatengenezwa kwa njia sita: tatu mbele, mbili pembeni na moja ya besi. Maneno ya waigizaji, kwa sehemu kubwa, yanatoka katika spika ya katikati, ile inayokaa chini au juu ya televisheni.

Hapo ndipo ampli ya sinema inalipa bei yake. Mtu anaweza kupandisha spika ya katikati peke yake kwa desibeli mbili au tatu, na maneno yakasikika bila milipuko kuamsha jirani. Ampli nyingi zina pia kitufe cha usiku kinachoshusha kelele kubwa na kupandisha minong'ono. Katika parseli ambamo familia tatu au nne zinagawana uwanja mmoja, kitufe hicho kina faida kuliko wati 500.

Lakini kabla ya kulipa spika tano, kuna jambo la kuhakikisha. Filamu nyingi zinazozunguka kwenye simu na kle USB zimebanwa mpaka zimebaki na njia mbili tu za sauti. Ampli itabuni njia nyingine, lakini hazimo ndani ya faili. Kioo kidogo cha mbele cha ampli kinasema ukweli: kikiandika Dolby Digital au DTS, na kuonyesha njia za pembeni, sauti kamili imefika. Kikionyesha njia mbili peke yake, hiyo ni stereo. Filamu ya DVD halisi kwa kawaida ina sauti kamili zaidi ya nakala ya mtandaoni. Hata filamu ya karibu kama « Augure » ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyepata zawadi mjini Cannes mwaka 2023, itasikika nusu ikiwa inatazamwa katika nakala iliyobanwa.

Kuhusu Dolby Atmos, yenye kuleta sauti kutoka juu na iliyoanza katika ampli za nyumbani mwaka 2014, tahadhari inahitajika. Spika zake za bei ya chini zinarusha sauti kwenye plafoni ili irudi chini. Zinahitaji plafoni tambarare na ngumu. Katika nyumba yenye mabati bila plafoni, pesa hiyo inapotea hewani.

Matundu ya nyuma

Televisheni za kisasa zina tundu la HDMI lenye maandishi ARC. Mfumo huo uliingia mwaka 2009, na unaruhusu waya mmoja kurudisha sauti ya televisheni kwenye ampli. Ikiwa televisheni na ampli zote mbili zina maandishi hayo, waya mmoja unamaliza kazi. Ikiwa ampli ni ya zamani, tundu la waya wa mwanga, lenye kuandikwa « Optical », linaweza kupitisha sauti ya Dolby Digital ya 5.1 bila shida.

Ampli ya zamani isiyo na HDMI haipaswi kudharauliwa. Picha inaweza kwenda moja kwa moja kwenye televisheni, na sauti peke yake ikapita kwa ampli. Nyingi za miaka hiyo zilijengwa kwa nguvu na bei yake sasa iko chini, kwa sababu wanunuzi wanaziona zimezeeka.

Umeme: adui wa kwanza

Katika mitaa mingi ya Lubumbashi, umeme wa SNEL unakatika, unarudi, unashuka jioni wakati kila nyumba inapika, na kupanda usiku. Ampli nyingi hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa pigo la dakika ambayo umeme unarudi.

Kanuni ya kwanza haina bei: umeme ukikatika, fishi itolewe kwenye prizi, na irudishwe dakika chache baada ya umeme kutulia. Kuzima kwa telekomandi hakutoshi, kwa sababu kifaa kinabaki kimeunganishwa. Wakati wa mvua na radi, fishi ya umeme itolewe pamoja na waya wa antena, maana radi inaingia hata kwa njia hiyo.

Kanuni ya pili ni stabilizateri. Ichaguliwe yenye uwezo zaidi ya jumla ya vyombo vyote. Kwa televisheni na ampli ya kawaida, ile ya VA 1000 inatoa nafasi ya kupumua. Inasaidia umeme unapopanda na kushuka, lakini haizuii radi.

Kanuni ya tatu ni kusoma volti. Umeme wa DRC ni volti 220, hertz 50. Vifaa vya Marekani ni vya volti 120, na vya Japani ni vya volti 100. Ampli ya Japani ikiingizwa kwenye prizi ya Lubumbashi inaungua kwa sekunde chache, na kubadili fishi hakubadilishi volti. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye nguvu ya kutosha, na bei ya transfoma hiyo ijumlishwe kabla ya kusema kifaa ni cha bei rahisi. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Zambia na kupitia Kasumbalesa havina shida hiyo, kwa kuwa Zambia inatumia volti 230, lakini vinaweza kuwa na fishi ya miguu mitatu mipana yenye kuhitaji adapta imara.

Wanaotumia paneli za sola wanapaswa kufanya hesabu. Ampli ya sinema inaweza kuvuta karibu wati 50 hata sauti ikiwa ndogo. Pamoja na televisheni ya wati 100, saa nne za filamu zinakula wati-saa 600. Batri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1200 kwenye karatasi, na haifai kushushwa chini ya nusu. Maana yake jioni moja ya filamu inamaliza batri, na friji au taa zitabaki bila kitu. Kwa nyumba kama hiyo, ampli ndogo ya daraja D, yenye kuvuta umeme kidogo, ni chaguo la akili. Invata za bei rahisi pia zinaleta mlio ndani ya spika, kwa sababu umeme wake hauna wimbi laini.

Okazioni: kujaribu kabla ya kulipa

Ampli nyingi nzuri mjini ni zile zilizotumika, zenye kuja kutoka Ulaya au kupitia bandari ya Dar es Salaam. Hazina ubaya, mradi zijaribiwe mahali palepale. Mnunuzi aende na simu yenye nyimbo anazozijua, na aombe iwashwe kwa spika mbili.

Kwanza, asikilize bila muziki, sauti ikiwa nusu: mlio mzito wa mfululizo ni dalili ya ugonjwa katika sehemu ya umeme. Pili, azungushe kitufe cha sauti polepole; kikikwaruza kidogo, vumbi linaweza kusafishwa, lakini upande mmoja ukikatika kabisa, bei ishuke au biashara iishe. Tatu, ajaribu kila tundu la spika na kila HDMI, maana HDMI ndiyo inayokufa mara nyingi kwa pigo la umeme. Nne, aiache iwake angalau dakika 20. Ugonjwa mwingi unajificha mpaka kifaa kipate moto. Tano, anuse matundu ya hewa: harufu ya kuungua haidanganyi, na skrubu zilizokwaruzwa zinaonyesha kwamba fundi mmoja ameshapita humo.

Auliziwe pia telekomandi na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Yamaha wanaita mfumo huo YPAO, Denon wengi wanatumia Audyssey, na Pioneer wana MCACC. Maikrofoni inapima umbali na nguvu ya kila spika, kisha ampli inajipanga yenyewe. Ya kampuni moja haifai kwa nyingine. Bila hiyo, kazi inaweza kufanywa kwa mkono, kwa kupima umbali kwa metre na kuuandika katika menyu, lakini bila telekomandi hata menyu yenyewe inaweza kuwa vigumu kufikiwa.

Kikishafika nyumbani

Spika mbili za mbele ziwekwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, kila moja ikiwa umbali sawa na kiti. Za pembeni ziwe kando na nyuma kidogo ya wasikilizaji. Kuta za matofali na sakafu ya simenti zinarudisha sauti. Pazia nzito, kapeti na viti vya sponji vinaituliza bure.

Ampli iachiwe nafasi ya hewa juu yake, angalau sentimita kumi. Kitambaa cha kufuma chenye kupamba vyombo vya saloni kinaweza kukaa juu ya meza, lakini kikiwekwa juu ya matundu ya ampli, kinaipika.

Na kama pesa haitoshi kwa vyote, mpangilio wenye usalama unajulikana: kwanza ampli yenye wati za kweli na spika mbili nzuri, pamoja na stabilizateri siku ileile. Spika ya katikati itafuata, kisha ya besi, na za pembeni mwishoni. Ampli yenye njia tano inakubali kufanya kazi na mbili kwa miaka. Stabilizateri ndiyo isiyoweza kusubiri, kwa sababu umeme wa usiku hausubiri likelemba ya mwezi ujao.